Ziwa Moja

Mie naitwa Bupe, na nianze kwa kukiri kabisa kwamba kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu Lusungu anasema tusiliite kosa, tuseme bahati mbaya. Lusungu ana moyo wa kusamehe, mie sina, hata kwa nafsi yangu. Mdomo wangu ndo uliowaponza wale watoto, wakaishi wiki mbili na hofu ambayo hata mtu mzima ingemlaza kitandani.

Mwezi wa nne Lusungu alikutwa na kansa ya ziwa la kushoto. Nikafunga chumba changu Buguruni, nikabeba cherehani, nikahamia kwake Mtoni. Shemeji yangu Gozbert ni karani bandarini, anatoka nyumbani kabla hakujakucha na kurudi kiza kishaingia. Sasa nani apike? Nani asimamie watoto waende shule? Cherehani nikaiweka barazani, wateja wangu wakanifuata huko huko.

Siku mbili kabla ya upasuaji, Lusungu akaniita chumbani, akanishika mkono.

"Dada, niambie watoto. Mie nimejaribu mara tatu. Nikiwaangalia tu usoni, nalia."

"Ishu ndogo hiyo," nikamwambia. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu mwenyewe, ishu ndogo.

Watoto ni wawili, wote wa kike. Jenipher ana miaka kumi, na akikukazia macho unaweza ukakiri hata ambalo hukulifanya. Demetria ana sita, tunamwita Deme, na kazi yake duniani ni kumfuata dada yake. Nikawakalisha jikoni, mie huku nachambua mchele. Nikawaambia mama yenu anaumwa, kuna kijiuvimbe kimeota kwenye ziwa, daktari atakitoa, kisha atampa dawa. Neno kansa sikulitaja. Niliona ni kubwa mno kwa watoto, na kusema ukweli lilikuwa kubwa hata kwangu.

"Ziwa lipi?" Deme akauliza. "Ziwa Nyasa?"

Sie kwetu ni Kyela, na Desemba iliyopita bibi yake alimpeleka ufukweni kule akachezea maji siku nzima. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika.

"We mtoto wewe! Ziwa la kunyonya. Hilo hilo mlilonyonya nyie wote wawili. Nyie si mmenyonya ziwa moja? Kama mie na mama yenu tulivyonyonya ziwa moja. Basi muwe kitu kimoja, hakuna kugombana. Na mama asipelekewe habari mbaya hata moja, mnanisikia? Mtampandisha presha."

Jamani, si ndo usemi wetu wa kila siku? Watu wakizaliwa tumbo moja unasema wamenyonya ziwa moja. Nani anakaa kuhesabu maziwa ya mama? Dakika tano hazikuisha, nikawa nimemaliza kazi iliyomshinda mama yao. Jenipher hakuuliza swali hata moja. Mtoto yule anaulizaga mpaka kwa nini samaki hafumbi macho, leo kanyamaza, na mie nikaona eti kaelewa.

Upasuaji ulikwenda salama. Ziwa lilitolewa lote, na baada ya wiki kadhaa akaanza dripu za dawa. Nywele zikaanza kubaki kwenye mto, akaamua kunyoa zote. Siku za baada ya dripu alikuwa analala tu, ndoo pembeni, na nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Ila daktari alisema anaendelea vizuri, na sie tukashika hilo.

Katika yote, watoto ndo walionipa raha. Hawakugombana tena. Jenipher alimkatia mdogo wake kipande kikubwa cha chapati, akampa yai lake, akamfungia viatu. Nilipiga simu Kyela kumwambia mama yetu, na mie nikiongea na simu mtaa mzima unafaidi. "Mama, kansa imetuletea adabu nyumbani! Wajukuu zako wamekuwa malaika!" Nilisema hivyo mlango wa chumba cha watoto ukiwa wazi.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Mama Bernadeta wa kwaya kaja kupimwa sare. Kasimama barazani kaitanua mikono, tayari. Mie natafuta futi yangu, ile ya kamba ninayovaa shingoni. Haipo. Natafuta chini ya cherehani, kwenye mfuko wa vifungo, chini ya kochi. Haipo. Na si mara ya kwanza, wiki hiyo nzima ilikuwa inapotea asubuhi na kuonekana mchana.

"Nani kachukua futi yangu? Nikimpata leo nampima yeye, na nguo simshonei!"

Mama Bernadeta akashusha mikono. Nikaingia ndani kwa hasira zangu mpaka chumba cha watoto, nikafungua mlango bila hodi. Deme amekaa kitandani bila blauzi, kanyanyua mkono wa kulia juu kabisa. Jenipher kapiga magoti mbele yake, kashika futi yangu, anaibana kwapani kwa mdogo wake.

"Eti mnacheza fundi na mie nina mteja nje? Lete hapa!"

Jenipher hakuileta. Aliishika kwa mikono yote miwili.

"Hatuchezi. Nampima Deme."

"Unampima nini?"

"Kansa."

Wallahi, na mie ni Mkristo, lakini hilo ndo neno lililonitoka. Nikafunga mlango nyuma yangu. Nikakaa kitandani.

"Inakua?" Deme akamuuliza dada yake, mkono bado uko juu.

"Ni ile ile ya jana," Jenipher akamjibu taratibu. "Shusha mkono, upumzike."

Nikataka kucheka, nikataka kumnasa kofi la kuniletea uchuro, na sikufanya lolote. Nikapeleka vidole vyangu kwapani kwa yule mtoto. Na kweli, kitu kipo. Kigumu, cha mviringo, kama punje ya karanga chini ya ngozi. Lusungu naye alikutwa na tezi kwapani, nilikuwepo daktari alipoishika. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hata huyu?

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki mbili zilizopita. Nilikuwa namwogesha, akasema panauma."

"Wiki mbili, Jenipher! Na hukusema?"

"Wewe ndo ulisema mama asipelekewe habari mbaya. Na ukisema na wewe, mama atasikia." Hapo akaanza kunieleza, polepole, kama mwalimu anayemrudishia somo mwanafunzi mzito. "Mama ana maziwa mawili. Wewe ulisema sie wote tumenyonya moja, hilo hilo lenye uvimbe. Kwa hiyo kansa imeingia kwetu na maziwa. Ya Deme imetoka, ya kwangu bado. Kila asubuhi najikagua. Na wewe na mama mmenyonya ziwa moja la bibi, kwa hiyo hata wewe itakuja. Ila bibi sijajua ilianzia wapi."

Kumbe yai lile alikuwa anampa mgonjwa wake. Kumbe adabu ile niliyoitangaza mpaka Kyela ilikuwa ni watoto wawili wanaosubiri kufa, wakubwa tupo sebuleni tunasifia. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mie si mtu wa kulia, kaulize Buguruni yote, lakini siku ile nililia mbele ya watoto, nimeshika futi yangu.

"Nivalishieni mtoto," nikasema, kama vile chumbani kuna watu wengine wa kuagiza. "Tunaenda zahanati. Mama asijue."

"Mama ameshajua," ikasema sauti mlangoni.

Lusungu alikuwa amesimama pale, kanga kichwani, kashikilia fremu ya mlango. Ilikuwa siku ya tano baada ya dripu, na siku tano hizo hakuwa ametoka kitandani ila kwenda msalani. Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na mie nimeshakwambia mdomo wangu ulivyo.

"Rudi ukalale," nikamwambia. "Si kitu. Watoto wanacheza tu."

"Dada, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Akaingia, akakaa pembeni ya Deme, akanyanyua ule mkono, akapapasa. Niliutazama uso wake kuliko nilivyowahi kuutazama uso wa daktari yeyote. Jenipher naye alikuwa anautazama. Lusungu akabonyeza kidogo, Deme akasema "Aa!" Kisha badala ya kulia, mdogo wangu akashuka na ule mkono taratibu, kiwiko, kiganja, mpaka vidoleni. Kidole cha kati kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cha zambarau, kipande cha sare ya kwaya. Mie nilikiona kitambaa kile siku zote, nikadhani ni pete zao za kuchezea.

"Hiki kimefanya nini?"

Watoto wakatazamana. "Alichezea pini za mama mkubwa," Jenipher akasema kwa sauti ya chini. "Ikamchoma. Tuliogopa kugombezwa."

Lusungu akafungua kitambaa. Kidole kimevimba pembeni ya kucha, chekundu, na usaha kwa ndani. Akakitazama kidole, akalitazama kwapa, akanitazama mie. Akaanza kucheka. Kicheko chembamba, cha mtu asiye na nguvu, mpaka akashika ubavu kwenye kidonda chake.

"Dada Bupe! Umekulia kijijini na miguu peku, leo hujui mtoki?"

Mtoki! Khaa! Mie niliyetembea utoto wangu wote nachechemea, leo mwiba mguuni, kesho mtoki kwenye nyonga, bibi yetu anakanda kwa kitambaa cha moto. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ukiumia kidole mwili unavimba tezi juu yake. Mie nilisahau. Nilikuwa nimejaa kansa kichwani, hata ningeona kipele ningeita kansa.

"Mtoki ni nini?" Jenipher akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu mwezi wa nne.

"Ni mwili unapigana na uchafu wa kidole," mama yake akasema. "Kidole kikipona, na wenyewe unanywea. Lakini nendeni zahanati, muuguzi awaambie na yeye. Mie nikisema peke yangu utadhani nakutuliza."

Nikamfukuza Mama Bernadeta kwa heshima, nikaita bajaji. Zahanati ya mtaani kwetu ina muuguzi anaitwa Naima, mama wa makamo, mtu wa pwani hasa, ana maneno laini lakini halambi mtu miguu. Akaosha kidole, akatoa usaha, Deme akapiga kelele za kusikika ng'ambo ya barabara. Akalishika kwapa, akapima homa, akaandika dawa.

"Mtoki tu huu, mwanangu. Lakini wiki mbili zijazo ukiwa haujapungua mnirudishie, nimwone tena."

"Una hakika si kansa?" Jenipher akauliza.

Naima hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Nina hakika kidole kinaumwa na tezi inakisaidia. Nani kakwambia kansa?"

Jenipher akaeleza yote, maziwa, ziwa moja, bibi, mie. Nilitamani sakafu inimeze. Naima akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia asogee, akamkagua shingo, kwapa zote mbili, na tumbo, bila haraka, kana kwamba ni mgonjwa aliyelipa. "Wewe huna kitu. Na kansa haiingii kwa kunyonya, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kunywea kikombe cha mama. Umenielewa?"

"Na mama mkubwa?"

"Haya, mama mkubwa," Naima akanigeukia, na macho yake yalikuwa makali. "Kunyonya hakukukupa kitu. Ila wewe ni dada yake tumbo moja. Umeshakwenda kupimwa?"

Sikuwa nimekwenda. Miezi mitatu nampeleka mwenzangu hospitali, nimekaa kwenye benchi chini ya bango lililoandikwa pimwa mapema, na mie najipepea tu na kadi yake. Naima akanipeleka nyuma ya pazia hapo hapo. Akasema hasikii uvimbe wowote, akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupimwa vizuri. Nilitoka pale nimeshika karatasi, miguu myepesi, nikawanunulia watoto aiskrimu za maji, na ya kwangu, na nyingine ya mama yao tukijua kabisa itayeyuka njiani.

Tulipofika nyumbani Lusungu alikuwa ametandika mkeka sebuleni, kakaa kaegemea kochi.

"Njooni hapa wote wawili. Na wewe dada kaa, usikilize na wewe."

Nikakaa. Watoto wakakaa, Jenipher mbali kidogo, mikono kapakata.

"Nina kansa," Lusungu akasema. Hakulia. "Mlikuwa mnalijua jina lake, sasa mmelisikia kwangu. Mwili wa mtu umejengwa na vitu vidogo sana, havionekani kwa macho, vinaitwa seli. Zinazaliana ili kidonda kipone, ili nyie mrefuke. Zikitosha, zinaacha. Mnamwona mama mkubwa anavyoshona? Akifika mwisho wa mshono anaondoa mguu, cherehani inasimama. Sasa kwenye ziwa langu kuna seli hazikusimama. Zikaendelea, zikaendelea, mpaka zikawa fundo. Hilo fundo daktari amelikata akalitoa. Dripu ni kwa ajili ya zilizotoroka, kama zipo."

"Nywele je?" Deme akauliza, ulimi mwekundu kwa aiskrimu.

"Dawa haina macho. Inapiga chochote kinachokua haraka, na nywele zinakua haraka. Zitarudi."

"Nani alisababisha?" Hilo la Jenipher.

"Hakuna. Si wewe, si Deme, si kelele zenu, si kuning'ata mlipokuwa wachanga."

"Nilikung'ata?"

"Ulining'ata sana tu. Na haikufanya kitu."

Deme akacheka, akajilaza miguuni kwa mama yake, kwake yalikuwa yameisha. Lakini Jenipher alibaki pale pale. Nilijua kuna kitu, na nikajua ni kipi, na nikafungua mdomo niwahi. Lusungu akanitazama jicho moja tu. Nikaufunga.

"Mama, utakufa?"

Mie ningesema hapana. Naapa ningesema hapana, mara kumi, kwa sauti kubwa. Lusungu akavuta pumzi.

"Daktari anasema dawa inafanya kazi, na anategemea nitapona. Mie nategemea hivyo hivyo. Ila hakika kabisa sina, na sitakudanganya. Nikipona utaambiwa. Likibadilika lolote, baya au zuri, utaambiwa, na atakayekwambia ni mimi."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Kabla ya mama mkubwa?"

Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lusungu hata hakunigeukia.

"Kabla ya mama mkubwa."

Jenipher akafikiri. Kisha akatambaa kwenye mkeka, msichana mzima wa miaka kumi, darasa la nne, akajisukuma mapajani kwa mama yake mpaka Deme akasogezwa pembeni na kulalamika. Akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, makamasi yanatiririka, bila aibu yoyote. Nikasimama kumwambia Lusungu atachoka, mtoto atamkandamiza kidonda chake cha kushoto.

"Mwache," Lusungu akasema. "Yuko upande wa kulia."